Kijana Aliyetaka Kuitengua Jana

Tarehe 23 Januari 2004, ilipoingia katika majumba ya senema ya Marekani filamu iitwayo *The Butterfly Effect*, yaani Athari ya Kipepeo, wachambuzi wengi wa magazeti ya nchi ile waliipokea kwa nyuso zilizokunjamana, wakasema kwamba ukatili wake umepita kiasi, na kwamba Ashton Kutcher, kijana aliyezoeleka kwa vichekesho vya televisheni, hakuwa na mabega ya kubeba simanzi nzito kiasi kile. Watazamaji hawakuwasikiliza. Filamu iliyogharimu dola milioni 13 ikakusanya duniani kote takriban dola milioni 96, na waandishi na waongozaji wake wawili, Eric Bress na J. Mackye Gruber, ambao mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameandika *Final Destination 2*, wakajikuta wamezua mjadala ambao haujaisha hata leo, juu ya iwapo mja aweza kurudi nyuma akatengua lililokwisha kutendeka, na kwa ada gani. Ni mjadala mwema, na nimeufuata kwa hamu. Lakini naona kwamba walioilaumu na walioisifu, wote pamoja, walikodolea macho mbawa za kipepeo, na ni akali yao waliokitazama sawasawa kile chumba kilicho chini ya nyumba ya bwana George Miller, ambako shari yote ya hadithi ile ilizaliwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Evan Treborn ni mtoto wa mama anayelea peke yake, Andrea, kwa kuwa baba mtu amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Tangu utotoni Evan hupatwa na hali ya kupotewa na fahamu zake: jambo zito linapotukia, akili yake huzimika kama taa, na anapozinduka hajui kilichopita, ila huona nyuso za watu zimebadilika na mikono yake mwenyewe imeshika kitu asichokumbuka kukichukua. Mwalimu wake amwonyesha mama mchoro alioufanya mtoto huyo wa miaka 7, mchoro wa mauaji. Mama, akihofu kwamba maradhi ya baba yamerithiwa, ampeleka kwa tabibu, na tabibu ashauri kwamba mtoto aandike shajara, kila siku aweke karatasini yaliyomjia, ili siku moja kumbukumbu zipate njia ya kurejea. Shauri lile halikumponya. Lakini Evan alipokuwa mkubwa, mwanafunzi wa elimu ya nafsi katika chuo kikuu, ambaye kwa miaka 7 hakuwa amepotewa na fahamu hata mara moja, aligundua kwamba akizisoma kurasa zile kwa kuzama, maneno hutikisika, chumba huyeyuka, naye hujikuta ndani ya mwili wake wa utotoni, katika dakika zile zile zilizokuwa zimefutika, akiwa na akili ya mtu mzima na uwezo wa kutenda jambo jingine. Kisha hurudishwa ghafula katika wakati wake, damu ikimtoka puani, na dunia aliyoiacha haipo tena: ipo nyingine, iliyokuzwa na tendo lake, na kumbukumbu za miaka mingi asiyoiishi humiminika katika ubongo wake kwa mpigo mmoja.

Jina la filamu limetoka katika elimu ya hali ya hewa. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alikuwa akikokotoa mwenendo wa hewa kwa kompyuta ya zama zile, yenye kelele na mwendo wa kobe. Alitaka kuirudia sehemu ya hesabu aliyokwisha kuifanya, na badala ya kuanzia mwanzo akaichukua tarakimu iliyochapwa katikati ya kazi, akaiandika 0.506, ilhali ndani ya mashine tarakimu kamili ilikuwa 0.506127. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya muda wa kiasi cha saa moja, mashine ilikuwa imekwisha kupiga hesabu za miezi miwili ya hewa, na hali iliyotokea haikufanana kabisa na ile ya kwanza, kana kwamba ni hewa ya nchi nyingine. Sehemu ndogo kuliko moja kwa elfu, aliyoidharau kwa kuwa kila mtu angeidharau, ilikuwa imekua hata ikaumeza ukweli mzima. Alitangaza matokeo yake mwaka 1963, na mnamo Desemba 1972, katika mkutano wa wanasayansi mjini Washington, akasoma hotuba ambayo anwani yake iliuliza iwapo pigo la mbawa za kipepeo nchini Brazil laweza kuzusha kimbunga huko Texas. Hata kabla ya hapo, mwaka 1952, Ray Bradbury alikuwa ameandika hadithi ya mwindaji aliyerudi katika zama za wanyama wakubwa wa kale, akamkanyaga kipepeo mmoja, na aliporejea akakuta hata uchaguzi wa nchi yake umempa ushindi mtu mwingine.

Sasa ajabu yangu ni hii. Katika mahesabu ya Lorenz na katika hadithi ya Bradbury, chanzo ni kitu kidogo kisicho na nia: tarakimu, mdudu, pumzi ya hewa. Hakuna wa kulaumiwa, maana ni nani awezaye kumshitaki kipepeo? Lakini katika maisha ya Evan Treborn chanzo si kidogo, wala hakikosi nia, wala hakijifichi machoni pa mwenye kutaka kuona. Chanzo ni mwanamume mzima, yule George Miller, aliyenunua kamera mpya ya video, akawaambia watoto wawili wa miaka 7, binti yake Kayleigh na Evan aliyeachiwa amchunge kwa siku ile, kwamba watacheza senema ya Robin Hood, akawashusha chini ya nyumba na kufunga mlango. Waongozaji, kwa adabu ninayowashukuru kwayo, hawakuyaonyesha yaliyofuata. Lakini walituachia uso wa Tommy, kaka yake Kayleigh, aliyezuiwa asiingie. Katika uso ule mtazamaji mwenye insafu husoma kila kitu kitakachokuja: ghadhabu, husuda iliyopotoka, na mtoto anayejifunza kwamba mwenye nguvu hutenda apendavyo na hapana wa kumwuliza.

Yaliyofuata ni matawi ya mti ule. Wakiwa na miaka 13, Tommy aongoza wenzake kutia baruti katika sanduku la barua la jirani, nayo yawaua mama na kichanga chake. Lenny, mpole kuliko wote, aliyeambiwa akaiweke, hajawa mzima tena tangu siku hiyo. Baadaye Tommy amtia mbwa wa Evan katika gunia na kumchoma moto katika uwanja wa vyuma chakavu. Andrea aamua kuhama na mwanawe, na gari linapoondoka Evan abandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, ameandika kwamba atarudi kumchukua Kayleigh. Msichana asimama akitazama. Gari laenda.

Asirudi kwa miaka 7, na aliporudi hakumfuata yeye, alifuata jawabu. Tukio lile hufanyika nje ya mkahawa ambako Kayleigh ni mhudumu, amevaa sare yake, macho yamechoka kabla ya umri, na furaha ya kumwona rafiki wa utotoni imemchangamsha kwa dakika chache tu. Kisha Evan amwuliza juu ya senema ya Robin Hood. Haulizi kwa ubaya. Auliza kwa kuwa yeye hakumbuki na mwenzake anakumbuka. Na hapo ndipo Amy Smart, mwigizaji aliyestahili sifa nyingi kuliko alizopewa, aufanya uso wake ufungike kama mlango, kisha sauti ipande, na swali arudishiwe mwulizaji: kama kweli alimthamini hivyo, mbona hakupiga simu hata mara moja, mbona alimwacha aoze katika mji ule? Usiku huo huo Kayleigh ajiua. Naliona tukio hili kuwa moyo wa filamu nzima, kwa sababu laonyesha kwamba kuyarudia yaliyopita, hata kwa maneno matupu na bila muujiza wowote, kwaweza kuwa dhulma ya pili kwa aliyedhulumiwa, endapo mwenye kurudi amekuja kutafuta raha ya nafsi yake.

Kwa majuto yale Evan afungua shajara na kurudi chini ya nyumba. Mtoto wa miaka 7 amsemesha George Miller kwa lugha ya mtu mzima, amtisha, amwambia amtendee binti yake kama baba anavyopaswa, na mzee yule, ambaye hajapata kumsikia mtoto akisema hivyo, atetemeka. Mtazamaji hupumua. Laiti Evan angenyamaza hapo! Lakini aongeza kwamba amtie adabu mwanawe Tommy, ambaye ni katili. Na Miller atii. Evan azinduka chuoni katika dunia angavu, Kayleigh ni mchumba wake, mzima, mcheshi, anapendwa na wote. Na huko gizani Tommy amebeba peke yake mzigo uliokuwa umegawanywa kwa wawili. Atokapo kifungoni aja na kisasi, wapigana, Evan amwua, na kijana aliyetaka kuwa mwokozi alala gerezani.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kulikazia. Evan alikuwa na dakika chache zenye thamani kuliko dhahabu yote, akiwa mbele ya mhalifu, na alichofanya ni kumwombea mmoja na kumtoa mwingine. Alimjua Tommy kwa matendo yake tu, akamhukumu kwa matendo hayo, bila kujiuliza nani aliyemfinyanga. Na zaidi ya hayo, aliwaacha watoto wote wawili katika nyumba ile ile, chini ya mamlaka ya mtu yule yule, akitumaini kwamba kitisho cha dakika mbili kitadumu kwa miaka 13. Hakumwambia mama yake. Hakumwambia mwalimu aliyeuona mchoro. Hakwenda kwa tabibu aliyekuwa amemsikiliza kwa upole. Katika safari zake zote za kurudi nyuma, pamoja na ujuzi wote wa mtu mzima aliobeba, haikumjia hata mara moja kwamba dawa ya siri ile ni kuivunja siri yenyewe.

Safari nyingine nitazipitia upesi, kwa kuwa zote hufuata kanuni moja. Arudi katika uwanja wa vyuma chakavu, ampa Lenny chuma chenye ncha akate kamba ya gunia, lakini Lenny amwua Tommy kwa chuma hicho. Mbwa apona, Lenny afungiwa hospitalini, Kayleigh aangukia uchangudoa na madawa, uso una kovu. Arudi kwenye sanduku la barua kumwonya mama mwenye kichanga; hao wapona, Tommy ndiye awakingaye, na kwa tendo hilo jema ageuka mcha Mungu, lakini Evan apoteza mikono yake, Kayleigh ampenda Lenny, na Andrea, aliyeanza kuvuta sigara kwa huzuni ya mwanawe, yu mahututi kwa saratani ya mapafu. Arudi kuiharibu baruti yenyewe kabla haijaleta msiba, nayo yamlipukia Kayleigh mdogo mkononi. Tazama jinsi kila mara mtu mmoja aponapo mwingine huchukua nafasi yake kitandani, kana kwamba shari ina kipimo chake na sharti kijazwe, ila mshika kipimo haguswi. Na kila mara mshika kipimo ni yule yule wa chini ya nyumba.

Wapenzi wa mantiki wameitia filamu hii kasoro moja, nayo ni ya haki. Huko gerezani Evan, akitaka mfungwa mwenziwe mshika dini amsaidie, arudi darasani utotoni na kujichoma viganja vyote viwili, na makovu yatokea papo hapo mbele ya macho ya mfungwa yule, aliyeyaona hayapo na sasa ayaona yapo. Kwa kanuni ya filamu yenyewe jambo hilo haliwezekani; makovu ya utotoni yangekuwapo siku zote, na mtu yule asingeona shani yoyote. Nakubali. Lakini filamu ya namna hii haipimwi kwa mizani ya mhandisi peke yake. Mfaransa Chris Marker, katika *La Jetée* ya mwaka 1962, filamu ya dakika 28 iliyotungwa karibu yote kwa picha zisizotembea, alituonyesha mtu anayetumwa katika wakati uliopita kwa nguvu ya kumbukumbu moja ya utotoni. Na mwaka 1995 Terry Gilliam akaikuza hadithi hiyo katika *12 Monkeys*. Hao wawili wasema kwamba yaliyopita hayabadiliki, na ajaribuye huja kugundua kwamba alikuwa sehemu yake tangu azali. Bress na Gruber wasema kinyume: yabadilika, na hapo ndipo pana hatari. Naiona kauli ya pili kuwa ya kuogofya zaidi, maana kadari iliyofungwa humpa mja pumziko, lakini mlango ulio wazi humnyima hata udhuru.

Sisi tuliokuzwa kwa kuonywa tusiwe watu wa kusema “lau” na “laiti”, kwa kuwa neno hilo humfungulia shetani mlango wa kazi, twaielewa filamu hii kwa njia ambayo huenda hata watungaji wake hawakuikusudia. Evan ni mateka wa “laiti”. Baba yake, Jason, alikuwa mateka kabla yake. Alikuwa na uwezo ule ule, na mwana alipokwenda kumwona hospitalini alimkaba koo, hata walinzi wakampiga akafa. Mtoto aliona wazimu. Mtu mzima, akirudi katika dakika zile, aona baba aliyejua mwisho wa njia ile na kutaka kuikata kwa njia ya kutisha kuliko zote.

Na hili latufikisha kwenye miisho, kwa maana filamu ina zaidi ya mwisho mmoja. Katika toleo la waongozaji, lenye urefu wa dakika 120, mtazamia viganja amwambia Evan kwamba hana mstari wa uhai, na mama akiri kwamba kabla yake alizaa watoto wafu. Evan, ambaye sasa yu hospitalini, ubongo umejeruhiwa, na daktari amwambia kwamba shajara hazijapata kuwako, aiangalia filamu ya siku ya kuzaliwa kwake, arudi tumboni mwa mama na kujinyonga kwa kitovu chake mwenyewe. Kayleigh na wenzake waishi kwa amani kwa kuwa yeye hakuzaliwa. Wengi huusifu mwisho huu kwa ushujaa wake, na kweli una ujasiri wa sanaa. Lakini dhamiri yangu haiukubali. Wamwambia mtoto aliyedhulumiwa kwamba kosa lilikuwa kuwako kwake. Wamfanya sadaka yule aliyekuwa shahidi, na kufumbia macho mkono uliofunga mlango.

Mwisho ulioonyeshwa katika majumba ya senema ni wa upole, na kwa hiyo hudharauliwa. Mimi nauona kuwa wa haki zaidi. Evan aangalia filamu nyingine ya nyumbani, ya siku alipokutana na Kayleigh kwa mara ya kwanza, arudi katika ua uliojaa watoto na wazazi wao, amkaribia msichana mdogo na kumnong’oneza sikioni maneno makali, kwamba anamchukia na asimkaribie tena. Msichana alia, akimbia. Na kwa nini neno hilo la ukatili laponya pale ambapo vitisho, chuma na baruti vilishindwa? Jibu limetajwa mapema, kwa sauti ndogo ambayo watazamaji wengi huipita: wazazi wa Kayleigh walipoachana, yeye na kaka yake wangeweza kwenda kwa mama yao, lakini alichagua kubaki kwa baba ili asiwe mbali na Evan. Asipompenda Evan, aondoka. Huo ndio uponyaji wenyewe: watoto wawili kutoka katika nyumba ya George Miller na kukulia mahali pengine. Evan aichoma shajara, na miaka 8 baadaye wapishana njiani New York, kila mtu na safari yake.

Lakini hata hapo kinabaki kinyongo changu na watungaji. Miller hakushitakiwa katika dunia yoyote. Katika zote tulizoonyeshwa, msichana akiwa hai au mfu, Lenny akiwa mzima au kifungoni, mzee yule abaki na kamera yake. Katika ile ya mwisho, ambamo watoto wake wameondoka, hatuambiwi ni watoto wa nani watakaoachiwa mlangoni kwake siku ambayo mama fulani atakwenda kazini. Filamu yenye akili ya kuhesabu matokeo ya kila tendo dogo ilipaswa kuihesabu na hiyo.

Zilifuata filamu nyingine mbili zenye jina hilo, mwaka 2006 na 2009, nazo hazimhusu Evan wala jamaa zake. Mwenye wasaa mchache azipite. Anayetaka kuiona hii ya kwanza na aanze na toleo la majumba ya senema, lenye urefu wa karibu dakika 113, kisha, siku nyingine, atazame toleo la waongozaji apate kulinganisha miisho kwa macho yake. Na awalaze watoto kwanza. Huko Marekani ilikatazwa kwa walio chini ya miaka 17 ila wawe na mtu mzima, na katazo hilo halikuwa la bure.